Misumari Mitano ya Fundi Kimya

Duka la vipuri lilijaa asubuhi ile mpaka watu wa mwisho wakasimama nusu ndani, nusu juani. Kila mtu alikuwa na kitu chake kibovu mkononi: huyu bomba lililopasuka, yule mkanda uliokatika, mwingine bolti moja tu aliyoifunga kwenye gazeti kama peremende. Wote walimwita muuzaji kwa wakati mmoja, na muuzaji aliwajibu wote bila kumtazama hata mmoja. Katikati ya msukumano huo alisimama mwanamke wa miaka arobaini na minane, amevaa gauni la bluu lenye vifungo vyeupe, limepigwa pasi likanyooka mpaka mikono ikawa na makali. Yeye hakuwa na kitu kibovu mkononi. Alikuwa na kikaratasi.

"Nipe gasketi ya gari la dizeli," alisema zamu yake ilipofika.

Muuzaji akauliza ni gari gani. Mwanamke akajibu kwamba ni jeupe.

"Mama, rangi wanauza duka la tatu," muuzaji akasema, na watu wakacheka, maana walikuwa wamechoka kusubiri na hawakuwa na kingine cha kuchekea.

"Hebu mwacheni," sauti nzito ikasema nyuma yake, taratibu. "Mama, hilo gari linafanyaje?"

Akageuka. Alikuwa mwanamume mrefu, ovaroli la kijivu, na vifungo vyake alivikosea tangu cha kwanza, upande mmoja wa kola ukawa juu kuliko mwenzake. Mwanamke alijikuta anataka kumfungulia na kumfunga upya. Badala yake akamweleza: gari linachemka, maji yanapungua na chini hakuna tone, asubuhi linatoa moshi mweupe kama birika.

"Na oili?"

"Imekuwa kama chai ya maziwa."

Mwanamume akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari aliyesikia kikohozi. Akamwambia asinunue kitu leo. Gasketi ya juu ya injini, ile inayoziba maji na oili visichanganyike, hainunuliwi kwa kukisia. Kwanza injini ifunguliwe, ionekane. Wakatoka pamoja wakaenda kulitazama gari, na muuzaji akawapigia kelele kwamba wamemwibia mteja.

Huyo mwanamke watu walimwita Mama Shuka. Alikuwa dobi. Kliniki moja na nyumba mbili za wageni zilimpa shuka zao afue, azipige pasi, azirudishe zimekunjwa, kila fungu na idadi yake. Mumewe alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Binti yake mmoja aliolewa mbali, na kila Jumapili alimpigia simu dakika kumi, akiwa anakaanga kitu jikoni. Siku nyingine zote nyumbani mle mlikuwa na kamba, shuka, mvuke, na redio iliyosema peke yake. Ikafika mahali akawa anaongea na lile gari. Akiliwasha asubuhi huliamkia, na likiwaka haraka hulishukuru.

Na mwanamume yule walimwita Fundi Kimya. Si kwamba alikuwa bubu. Ila akishafungua injini hasemi na mtu mpaka aifunge. Ukimsalimia hasikii, ukimletea chai inapoa. Mafundi wa mtaa ule walimtania kwamba anaogopa kuzikatiza spana zikiongea. Mkewe alimwacha zamani, na hakumlaumu. Aliishi kwenye chumba nyuma ya gereji yake, kitanda kimoja, kiti kimoja, kikombe kimoja.

Lakini mtu huyo huyo, saa moja jioni, akishanawa mikono kwa sabuni ya unga na kukaa kwenye kile kiti, alipiga simu. Siku ya kwanza alisema anapiga ili kumweleza Mama Shuka kwamba gasketi imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Siku ya pili hakutafuta kisingizio.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula mkate, tukatazamana na sahani."

"Sahani ilisemaje?"

"Imesema imechoka na sura yangu."

Mama Shuka alicheka mpaka akaiweka pasi pembeni asiunguze shuka ya watu. Akamwuliza vitu ambavyo hakuwahi kuuliza miaka yote aliyoendesha gari lile. Mbona gari la dizeli halina plagi za cheche? Fundi akamwelekeza polepole, kama anayemsomea mtu barua. Petroli inawashwa na cheche, alisema. Dizeli haihitaji cheche. Injini inavuta hewa, inaibana, inaibana mpaka hewa yenyewe inakuwa moto, ndipo mafuta yanapopuliziwa na kuwaka. Bila hewa ya kubana hakuna moto, hata uimwagie pipa zima la mafuta.

"Kumbe linawaka kwa kubanwa," alisema Mama Shuka.

"Linawaka kwa kubanwa, mpenzi."

Neno hilo lilimtoka tu. Hakuna aliyekata simu.

Kila alasiri Mama Shuka alipita gereji. Alikaa kwenye tairi kuukuu na chupa yake ya chai, akamtazama anavyofanya kazi bila kusema, na hakuona ubaya. Gereji ilikuwa nadhifu kuliko gereji zote alizoziona, ila kwenye ukuta karibu na mlango palikuwa na misumari mitano mikubwa, na kwenye misumari hiyo vilitundikwa vitambaa vyekundu vya kufutia, vichafu mpaka vimesimama kama ngozi kavu. Kwa dobi hiyo ni sawa na kumwona mtoto wa jirani ana kamasi. Alijizuia siku tatu. Siku ya nne Fundi alipokwenda dukani kuchukua gasketi mpya, alivizoa vitambaa vyote kwa mkupuo mmoja, akavisokomeza kwenye beseni, akaenda navyo nyumbani.

Kuhesabu alihesabu kule nyumbani. Vilikuwa vinne.

Alipekua beseni, akapekua mfuko, akarudi njia nzima mpaka kona akitazama mtaroni. Misumari ilikuwa mitano, aliiona kwa macho yake. Basi kimoja amekidondosha. Miaka kumi na saba ya kufua hakuwahi kupoteza hata foronya ya mteja, na leo anapoteza kitambaa cha huyu, mtu aliyemwita mpenzi. Uso ulimwaka peke yake chumbani. Ndipo akafanya alichofanya. Alikata pazia lake jekundu la zamani, akalipima kwa kimojawapo, akashona upindo wa kufanana, akakifua na kukichemsha pamoja na vile vinne mpaka rangi zikalingana. Keshoye alasiri alivitundika vyote vitano, vimepigwa pasi. Fundi Kimya alikuwa ameinamia injini. Aliinuka, akatazama ukuta, akavitazama vitambaa kimoja kimoja mpaka cha tano, akatabasamu, akarudi kwenye kazi yake. Jioni ile akaifunga injini yote.

Asubuhi ya Jumatano gari likagoma kuwaka.

Starta ilizungusha vizuri, betri ilikuwa na nguvu, injini ikawa inageuka na kugeuka kama mtu aliyekosa usingizi, lakini haikushika. Mama Shuka alikuwepo, amevaa gauni la njano alilolitunza kwa siku hiyo. Fundi akamwambia asiwe na wasiwasi, gari la dizeli likifunguliwa huingiwa na upepo kwenye mabomba ya mafuta. Akalegeza nati za mabomba moja moja, akapampu kwa mkono, povu likatoka, mwisho ikatoka dizeli safi. Akakaza. Halikuwaka. Akapima plagi za kupashia joto, zikawa nyekundu zote nne. Akafungua kifuniko cha mkanda, akaangalia alama. Zimekaa mahali pake, hazikuruka hata jino. Chujio la hewa akalitoa, akalimulika kwa taa, safi, akalirudisha. Halikuwaka.

Siku ya pili alipima nguvu ya silinda kubana hewa. Zote nne zilibana hafifu, tena kwa usawa. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Silinda moja ikiwa dhaifu unamtafuta mchawi wake. Zote zikiwa dhaifu baada ya wewe kufungua na kufunga, mchawi ni mkono wako. Hivyo ndivyo alivyojiambia, ila kwa Mama Shuka hakusema kitu. Injini kwake ilikuwa bado haijafungwa, na yeye akiwa ndani ya injini haongei. Safari hii hata saa moja jioni simu haikuita.

Mama Shuka alingoja Alhamisi, akangoja Ijumaa. Alipiga mwenyewe, ikaita mpaka ikachoka. Shuka za kliniki alizipeleka kwa mkokoteni wa kukodi, mafungu yamefunikwa kwa nailoni, yeye akitembea nyuma kama anayesindikiza mgonjwa. Muuguzi mkuu akamwuliza kwa adabu kama wiki ijayo itakuwa hivihivi. Na majirani nao wana midomo. Mmoja alimwambia mafundi wana tabia, wakiona mjane anakuja kila siku na chupa ya chai, gari haliponi. Alilikataa neno hilo mchana. Jioni, redio ikiongea peke yake, likamrudia likakaa.

Jumatatu alikwenda. Alimkuta Fundi amelala chini ya gari, miguu tu iko nje, akasema na ile miguu.

"Niambie ukweli. Gari limekushinda, au umelishikilia ili nije?"

Miguu haikujibu.

"Nakuuliza wewe. Siku tano hunipigii simu. Mimi si mtoto wa kuchezewa, bwana. Kama ulitaka nije, ungesema njoo."

Alitoka chini taratibu, akakaa sakafuni. Alikuwa na oili mpaka kwenye nyusi, na macho ya mtu asiyelala. Aliposema, alisema vibaya kuliko kunyamaza.

"Lipeleke kwingine," alisema. "Sijui lina nini."

Basi likavutwa kwa kamba hadi gereji ya mtaa wa nne, kwa fundi aliyejiita Mtaalamu, mwenye miwani ya jua kichwani hata ndani ya nyumba. Mtaalamu alizungusha ufunguo mara tatu, akasikiliza, akatangaza kwamba injini imekufa na wazike. Watafute nyingine. Mama Shuka alimwomba siku mbili za kufikiri. Siku hizo mbili alifua kuliko alivyohitaji kufua. Alifua hata zilizo safi.

Ijumaa alikubali injini ing'olewe, na Mtaalamu akamwomba ufunguo wa tangi la dizeli ili atoe mafuta kwanza, ufunguo ambao ulibaki kwa Fundi Kimya. Mama Shuka alifika kule mlangoni akiwa amepanga maneno matatu tu: naomba ufunguo wangu. Hakuyasema. Benchi lilikuwa tupu. Spana zilikuwa zimefungwa kwenye magunia, kwa ukubwa wao, na kwenye zege lililofagiliwa palikuwa na kile kiti kimoja, na yeye amekaa juu yake, shati jeupe, vifungo vimekosewa vilevile.

Alimpa ufunguo bila kuulizwa. Akamwambia kwamba kesho anaondoka. Kaka yake mkubwa ana mashine za kusaga nafaka, mji wa mbali, amempa chumba. Atafunga mikanda na kutia grisi. Kazi isiyo na lawama.

"Unaacha ufundi kwa ajili ya gari moja?" Mama Shuka aliuliza.

"Gari moja linatosha. Fundi kukosea si kitu. Fundi kutolijua kosa lake, huyo amekwisha." Alinyanyua mikono yake akaitazama, juu na chini, kama kitu cha kuazima. "Nimerudia kila kitu. Mafuta yapo. Mkanda sawa. Hata vitambaa nilivihakikisha."

"Vitambaa vimefanyaje?"

Akamwonyesha ukuta kwa kidevu. Akamweleza kwamba alipokuwa kijana, mwalimu wake wa kazi aliwahi kusahau tambara ndani ya injini ya lori, na injini ikaharibika kabisa. Tangu hapo yeye ana vitambaa vitano, si zaidi. Akifungua bomba huziba mdomo wake kwa kitambaa, mchanga na nati visiingie, na hafungi injini yoyote mpaka misumari yote mitano iwe na chake. Kwenye gari lile aliziba koo la kuingizia hewa. Kabla ya kufunga alitazama ukutani. "Nilivihesabu, wewe mwenyewe ulikuwepo. Vilikuwa vitano."

Mama Shuka akatazama ukuta. Vilikuwa vinne, kwa sababu cha tano hakikudondoka mtaroni. Kilikuwa kazini, kooni mwa injini.

Angeweza kuchukua ufunguo akaondoka. Hakuna aliyejua. Injini ingetupwa na kitambaa chake ndani, angenunua nyingine kwa taabu, na mtu huyu angekwenda kutia grisi mashine za kaka yake akiamini mikono yake imekufa. Na yeye angebaki dobi asiyewahi kupoteza kitu. Aliuona uchaguzi huo wote kwa muda wa kumeza mate.

"Kimoja ni changu," alisema.

Fundi hakuelewa.

"Nilichukua vinne. Nikadhani nimepoteza kimoja, nikaona aibu. Nilikata pazia langu nikashona kingine. Nikakichemsha kifanane." Akamtazama usoni. "Nisamehe. Nimekuita mwongo, na mwongo ni mimi."

Fundi Kimya alisimama, akaenda ukutani, akavishika vitambaa kimoja baada ya kingine, akivigeuza upindo. Kwenye cha nne alisimama, akakisogeza machoni. Mshono ulikuwa mdogo kuliko wa vingine, na mzuri zaidi. Alifungua gunia, akachukua bisibisi moja na koleo, akatoka, na Mama Shuka akamfuata mitaa minne nzima bila kujua kama anafuata msamaha au hasira.

Kwa Mtaalamu hakusalimia. Alifungua boneti, akalegeza klipu mbili za lile bomba nene la mpira, akalivuta, akaingiza koleo kooni mwa injini. Kilitoka polepole, kimenyonywa na kuvutwa mpaka kikawa kirefu kama ulimi, chekundu bado katikati. Mtaalamu akavua miwani yake kichwani. Alisema na yeye alikuwa karibu kuangalia hapo hapo.

"Washa," Fundi akamwambia Mama Shuka.

Injini ilizunguka mara mbili, ikakohoa moshi mweusi, ikashika. Sauti yake ilijaza gereji yote. Mama Shuka aliweka paji la uso kwenye usukani akalia, na Fundi alisimama mbele ya gari, viganja viwili juu ya boneti, akiusikia mtetemo unapanda mpaka mabegani.

Waliondoka pamoja, maana shuka za kliniki zilikuwa zinasubiri nyumbani. Walipakia, wakapeleka kliniki, kisha nyumba za wageni, Fundi akibeba mafungu mazito na Mama Shuka akihesabu. Mwisho gari likawa tupu, na Mama Shuka akalisimamisha pembeni ya barabara, injini ikinguruma, akauliza amshushe wapi.

"Siku kumi," Fundi alisema, macho mbele. "Siku kumi nilikuwa nikijitazama mikono kama ya marehemu."

"Najua."

"Na wewe hukusema uongo wote, ulipodai nimelishikilia gari. Jumatatu ile ya kwanza kazi ingekwisha. Nilikwambia hedi, kichwa cha injini, ipelekwe kupigwa msasa upya. Haikuhitaji. Nilitaka uje na Jumanne."

Mama Shuka alimgeukia. Akatamani kukasirika, akatafuta hasira, hakuiona.

"Basi lako kesho saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Tiketi ninayo."

"Sikuombi ubaki kwa ajili ya gari. Gari limepona."

"Omba kwa ajili ya kitu kingine."

Ilikuwa miaka sita hajamwomba mtu chochote. Alishika usukani kwa mikono miwili, mikono yenye ngozi iliyolainika kwa maji, na ikambidi amtazame mpita njia mmoja mpaka apotee ndipo aseme.

"Kila jioni nikifunga mlango nasikia ufunguo unavyozunguka. Hakuna kelele nyingine, ni huo tu. Nataka siku moja nikae ndani, nimsikie mtu anafungua mlango kwa nje."

Fundi akamkumbusha anavyokuwa akifungua injini, kwamba atamwita mara kumi asiitikie, na kwamba mke aliyetangulia alishindwa.

"Utakuwepo?" Mama Shuka akauliza.

"Nitakuwepo."

"Basi nyamaza unavyotaka. Ila simu ya saa moja usininyime tena, hata kama tumekaa kiti kimoja."

Alikohoa kicheko ambacho hakikukomaa. Akatoa simu, akampigia kaka yake, akamwambia kile chumba ampe mtu mwingine. Kaka aliongea kwa muda mrefu. Ndani ya gari sauti yake ilisikika nyembamba, inauliza na kulaumu, inataka kujua kumeharibika nini.

"Hakuna kilichoharibika, kaka," alisema. "Naoa."

Ndipo akakumbuka kwamba mwenye kuolewa hajaulizwa. Akamgeukia Mama Shuka, simu bado sikioni, kola yake iko juu upande mmoja, na kaka kule upande wa pili naye anangoja.

Mama Shuka alinyoosha mkono, akamfungua kifungo cha juu, akakitia mahali pake.

"Mwambie shemeji yangu namsalimu," alisema, akaingiza gia.